Una uraibu gani? Utie sauti, Isiolo isikike

Bila shaka umewahi kumwona kijana ndani ya matatu au barazani nyumbani, vidude viko masikioni, anatabasamu na kutikisa kichwa kana kwamba kuna mtu anayemnong'onezea jambo. Usidhani ni muziki kila mara. Siku hizi aghalabu anasikiliza maneno matupu: mtu mmoja au wawili wakizungumza juu ya jambo wanalolipenda, kwa dakika 20 au hata saa nzima, bila haraka, bila tangazo la mazishi wala taarifa ya habari kuwakatiza. Hiyo ndiyo podikasti.

Tofauti yake na redio ni ndogo, lakini ina uzito. Redio hukungoja saa yake. Ukichelewa, kipindi kimepita. Podikasti hukungoja wewe. Ukiwa na simu ya kisasa na bando kidogo, waipakua usiku, kesho yake unaisikiliza ukifua nguo, ukichunga mbuzi au ukielekea shuleni kwa miguu, na ukifika unaikata pale pale ulipofika. Jina lenyewe lilibuniwa na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian la Uingereza mnamo Februari 2004, akiunganisha iPod, kile kidude cha kusikilizia muziki kilichokuwa kikivuma wakati huo, na neno la Kiingereza la utangazaji. Mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikaziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na tangu hapo mlango umekuwa wazi kwa kila mwenye kinywa na simu.

Hapa Kenya wengi walizitambua kupitia mazungumzo ya vijana wa Nairobi. Adelle Onyango, aliyekuwa mtangazaji wa Kiss 100, alianzisha Legally Clueless mwaka 2019, na baada yake zimechipuka nyingine nyingi za mapenzi, biashara, vichekesho na siasa. Tarehe 12 Februari huadhimishwa kuwa Siku ya Podikasti Afrika, siku moja kabla ya Siku ya Redio Duniani, na walioipigia debe ni Africa Podfest, shirika lenye makao yake papo hapo Nairobi.

Lakini leo sitaki tuzungumzie hizo za mapenzi na siasa, ambazo hazihitaji msaada wangu. Nataka tuzungumzie za uraibu. Wasomaji wa rika langu watakumbuka ukurasa wa marafiki wa kalamu, ambapo kila mtu aliandika jina, anwani, umri, kisha "uraibu: kusoma, kusafiri na kubadilishana picha". Nashuku nusu yao hawakuwahi kusafiri zaidi ya nyumbani kwa shangazi. Hata hivyo lile neno lilikuwa na maana: lile jambo unalolifanya bila kulipwa, na ambalo ukikatazwa utalifanya kwa kujificha.

Mwaka ule ule wa 2005, mwanamke Mmarekani aliyekuwa akiishi Wales, Brenda Dayne, alianza podikasti ya watu wanaofuma sweta. Naam, sweta! Jina lake Cast-On. Ungedhani hakuna atakayesikiliza habari za sindano na uzi pasipo kuviona, kumbe wafumaji wa nchi mbalimbali walimfuata, kila mmoja ameketi kwake na kazi yake mapajani. Seattle, Marekani, nako kukaanza BirdNote, kipindi cha redio ambacho sasa ni podikasti pia. Hutumia chini ya dakika mbili kumweleza msikilizaji juu ya ndege mmoja tu: unasikia mlio wake, unaambiwa anaishi vipi, basi. Ukishakisikiliza mara kumi, unaanza kuinua kichwa kila ndege anapolia juu ya paa lako.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Wiki ya kwanza unasikiliza, wiki ya tatu unamkosoa mtangazaji, wiki ya tano unajiambia: mbona hata mimi naweza?

Waweza. Swali ni utasema nini ambacho hakijasemwa, na kwa jibu la swali hilo, kama unaishi Isiolo, una bahati kuliko unavyojua.

MJI WENYE MASIKIO

Isiolo iko kilomita 280 hivi kaskazini mwa Nairobi. Kwa miaka mingi lami ilikomea hapo, na msafiri wa Marsabit au Moyale alijifunga kitambaa usoni na kumwachia Mungu yaliyobaki. Sasa barabara ni nyeusi hadi mpakani Moyale. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, ambayo ukubwa wake ni zaidi ya kilomita 25,000 za mraba. Mjini penyewe, kutoka Bulla Pesa hadi Kulamawe na Kambi Garba, utasikia Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru kabla hujamaliza kununua sukari, na wote hao wakikutana dukani, Kiswahili ndicho kinachowapatanisha na bei.

Watu wa namna hii walizoea kusikiliza zamani kabla podikasti haijapata jina. Idhaa za Kiswahili na Kisomali za BBC zote zilianza mwaka 1957, na redio ya betri ikawa mgeni wa heshima katika mikahawa ya chai ya kaskazini. Leo mji una vituo vyake vya FM kama Shahidi na Baliti. Isitoshe, Wasomali, ambao baadhi yao waliletwa Isiolo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia wakiwa askari wastaafu, walikuwa na jambo jingine la ajabu: kaseti. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashairi ya washairi wa Kisomali yalirekodiwa kwenye kaseti, yakanakiliwa, yakapelekwa mji hadi mji na hata ng'ambo na wasafiri. Barua nazo zilisemwa badala ya kuandikwa: baba yuko Ghuba, anazungumza na kaseti nusu saa, kaseti inatiwa kwenye mfuko wa mtu anayerudi, na nyumba nzima inaketi kuisikiliza. Mwambie mzee aliyepitia hayo kwamba podikasti ni kitu kipya, atakutazama kwa huruma.

Kwa hivyo masikio yapo, na kilichopungua ni vinywa vya hapa penyewe. Habari za nyika ya Isiolo zimesimuliwa dunia nzima, ila mara nyingi na wageni. George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori hapa, na mkewe Joy akaandika juu ya Elsa, simba waliyemlea, katika kitabu Born Free kilichotoka mwaka 1960 na baadaye kikageuzwa filamu. Joy mwenyewe aliuawa katika hifadhi ya Shaba mnamo Januari 1980. Watalii wanalijua jina la Elsa kabla hawajashuka kwenye ndege. Lakini muulize mwanafunzi wa sekondari mjini Isiolo akutajie ndege watano wanaolia karibu na bweni lao asubuhi. Atakutajia kunguru, kisha atakuomba muda.

Ndiyo maana, kama ningeombwa kumchagulia kijana wa Isiolo podikasti ya kuanzisha, ningemwambia: acha kwanza mazungumzo ya mpira wa Uingereza, maana hayo yana watu maelfu wenye vyombo bora kuliko vyako. Shika uraibu wa ndege na nyika. Ndege ana faida moja kubwa kwa mtu asiye na kamera: husikika kabla hajaonekana.

Na Isiolo haikunyimwa. Hifadhi za Buffalo Springs na Shaba zimo ndani ya kaunti, ile ya Samburu iko ng'ambo tu ya mto Ewaso Nyiro. Huko kuna mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya buluu, na kanga wenye vifua vya buluu iliyokolea na vichwa vya upara kama tumbusi, ambao hutembea makundi makubwa wakikwaruza kwa sauti kali. Kuna ndege wa kijivu, mwenye kishungi na tumbo jeupe, ambaye akilia utageuka kumtafuta mbuzi. Kuna ndege wadogo wenye madoadoa ambao dume na jike husimama pamoja kwenye kijiti na kuimba kwa kupokezana, kama watu wa taarabu walioagana mapema. Huko Shaba yupo hata kipozamataza aliyepewa jina la John Williams, ndege wa udongoudongo asiye na urembo wowote, lakini ambaye dunia nzima hapatikani ila Kenya kaskazini. Wazungu hupanda ndege ya chuma saa nane au tisa kuja kumtafuta yeye tu. Wewe uko saa moja u nusu kutoka kwake.

MLUZI UNAOONGEA NA NDEGE

Hata hivyo, ningekuwa mimi, kipindi cha kwanza nisingekiweka kwa kipozamataza. Ningekiweka kwa mlembe.

Huyu ni yule ndege mdogo wa rangi ya majivu anayempeleka binadamu kwenye asali. Anakuja karibu, analia kwa namna ya pekee, anaruka hadi mti wa mbele, anakungoja, anaruka tena, hadi mnafika penye nyuki. Wewe unafukiza moshi, unapasua, unachukua asali; yeye anabakia na nta na viluwiluwi vya nyuki. Wengi mijini hufikiri ni hekaya ya bibi. Lakini mwaka 1989 watafiti wawili, Hussein Isack wa Kenya na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao miongoni mwa warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya. Katika eneo wasilolijua, warina asali waliotafuta peke yao walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Walipoongozwa na mlembe, saa 3.2. Na ndege naye hakuwa akijitolea bure, kwa kuwa asilimia 96 ya mizinga hiyo asingeweza kuifikia mpaka mtu aifungue kwa moto na vyombo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nimchague. Mborana hamngoji mlembe aje apendapo. Humwita. Hupiga mluzi mkali uitwao fuulido, ama kwa kupuliza katika ngumi mbili zilizofumbatwa, ama katika ganda la konokono lililotengenezwa, ama katika koko la mkoma lililotobolewa ndani. Mikoma hiyo ndiyo ile ile uionayo imejipanga kandokando ya Ewaso Nyiro. Mluzi huo husikika zaidi ya kilomita moja, na watafiti hao waliona kwamba anayeupiga hukutana na mlembe mara mbili zaidi ya asiyeupiga.

Si hilo tu. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walieleza, katika jarida lilo hilo, jinsi walivyolinganisha milembe wa Wahadzabe wa Tanzania na wale wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji. Wahadzabe huita kwa mluzi. Wayao huita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno. Milembe wa Uhadzabe waliuitikia mluzi wa wenyeji wao zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao, na kule Msumbiji ikawa kinyume. Maana yake, ndege hawa wamejifunza lugha ya mahali pao. Mlembe wa Isiolo anamsikiliza mtu wa Isiolo.

Na pale watu walipoacha kumfuata, kwa kuwa sukari iko dukani na vijana wako shuleni, mlembe naye huacha kuongoza. Kwa nini apoteze pumzi? Kwa hiyo mazungumzo haya ya watu na ndege yanaweza kukatika katika kizazi kimoja bila mtu yeyote kutangaza mazishi. Mzee aliyejua kupuliza koko la mkoma yupo labda nyumba ya tatu kutoka kwako, na simu yenye kinasa sauti iko mfukoni mwako.

UNAANZAJE?

Kwanza, usinunue kitu. Kijana akiamua kuanzisha podikasti, jambo la kwanza humjia akilini ni maikrofoni kubwa nyeusi kama aliyoiona kwenye picha za Nairobi, na la pili ni jina na nembo. Miezi miwili baadaye ana deni, nembo, na hana kipindi. Rekodi kwanza vipindi vitatu kwa simu uliyo nayo, bila kumwonyesha mtu. Kama baada ya hivyo vitatu bado una hamu, endelea. Podikasti nyingi hufa kabla ya kipindi cha kumi, na ni heri yako ife ukiwa hujamkopa mjomba.

Adui wa kinasa sauti hapa Isiolo ni upepo. Mchana unapovuma, utakachorekodi ni ngurumo tupu. Toka alfajiri, wakati ndege wanalia zaidi na hewa imetulia, kabla pikipiki za bodaboda hazijaamka. Valisha tundu la maikrofoni ya simu kipande cha sifongo au soksi safi ya sufu, nayo itazuia upepo usiligonge moja kwa moja. Zima mtandao wa simu ili isije ikaita katikati. Kisha, na hili wengi hawalijui, baada ya kurekodi mlio unaoutaka, nyamaza na uache kinasa kiendelee dakika nzima. Huo utulivu wa mahali, ule mnong'ono wa majani na mbuzi wa mbali, ndio utakaotandika chini ya maneno yako utakapokuwa ukihariri, na msikilizaji atahisi yuko pale.

Maneno yako mwenyewe yarekodi nyumbani, katika chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi. Chumba kitupu cha mawe na bati hurudisha sauti, ukawa kama unayehutubia ndani ya pipa. Kama hapana chumba cha namna hiyo, jifunike blanketi na simu yako. Utatokwa jasho, ndugu zako watakucheka, lakini sauti itakuwa safi.

Kuhariri si lazima ununue programu. Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, ni ya bure na hufanya kazi katika kompyuta za kawaida, hata zile za saiba. Kata vikohozi, kata ule mwanzo wa "eeh, haya, sasa nadhani tunarekodi", na usiikate sauti ya mzee anapovuta pumzi kabla ya kusimulia. Hiyo iache.

Halafu fikiria mfuko wa msikilizaji wako. Maneno yakihifadhiwa kama MP3 kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 20 ni karibu megabaiti 10. Ukiweka kilobiti 128, ni karibu 20, na kwa sauti ya mtu anayezungumza sikio la kawaida halitaona tofauti kubwa. Kwa mama anayenunua bando la siku, hiyo tofauti ni pesa. Ndiyo maana pia nakushauri usikimbilie video. Milio ya ndege, hata hivyo, ina ncha kali zinazoumizwa na kubanwa sana, basi kipindi chenye milio mingi kipe hicho kiwango cha juu, na ufupishe maneno.

Kuna huduma za bure za kukihifadhi kipindi na kukisambaza. Iliyokuwa ikiitwa Anchor ilinunuliwa na Spotify mwaka 2019, ikabadilishwa jina mara mbili, na leo huitwa Spotify for Creators. Huko unapakia faili mara moja, nayo hukupa anwani ambayo programu nyingine za kusikilizia huifuata na kuchukua kila kipindi kipya. Lakini usiweke mayai yako kwa mtu mmoja. Google ilikuwa na programu yake ya podikasti iliyotumiwa na watu wengi, ikaifunga mwaka 2024. Faili zako asilia zihifadhi wewe, mahali pawili. Na msikilizaji wako wa kwanza huenda hatakuja kwa Spotify kamwe. Atakuja kwa kundi la WhatsApp la jamaa, ambako faili la dakika tano hupita haraka kuliko habari ya harusi. Tuma huko bila haya.

Lugha je? Hapo kila mtu ana la kusema. Mimi naona Kiswahili kiwe ndiyo baraza, kwa kuwa Mborana, Mturkana, Msomali, Msamburu na Mmeru wote wataketi humo. Lakini mzee mwache azungumze lugha yake, umsikilizishe msikilizaji sentensi mbili tatu, kisha ndipo ufasiri polepole. Jina la ndege litaje kwa lugha zote unazoweza kuzipata. Hata mchezo mzuri kwa watoto unaweza kutoka hapo: mlio unasikika, kila nyumba inataja jina lake. Katika mji ambao mara nyingine hutajwa redioni kwa sababu ya wizi wa mifugo na ugomvi wa malisho, si jambo dogo majirani wakibishana juu ya jina la ndege.

RUHUSA YA MZEE

Nasema na mwanafunzi hasa. Usiende kwa mzee na simu imekwisha kuwashwa mfukoni. Nenda na mkubwa wako, amkia, "Salamu aleikum, mzee," kaa, kunywa chai ukipewa. Mweleze utakifanyia nini kile atakachokisema, nani atakisikia, na kwamba kikishaingia katika mtandao hakirudi tena. Mwulize kama ataka jina lake litajwe. Akisema ngoja kesho, ngoja kesho.

Hii si adabu tu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda mtu na habari zake, na kwa mtoto yahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Tena ipo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inataka jamii yenye maarifa iulizwe kabla ya mtu mwingine kuyatumia. Dawa ya mti fulani, wimbo wa kunyweshea ngamia visimani, namna ya kutoboa koko la mkoma: hivyo vina wenyewe. Na muziki wa msanii unaovuma usiutie chini ya kipindi chako kwa kuwa tu umeupata bure kwenye simu ya rafiki.

Kuna siri nyingine ambazo hata mzee akikuruhusu, usizitoe. Usitaje mahali hasa penye mzinga wa watu, kiota cha tai, au mahali ulipoona kifaru. Sema "upande wa Shaba", inatosha. Msikilizaji mwema hatapungukiwa na kitu, na mwovu hatakuwa na ramani.

Wazazi nao wana maswali yao, na ni ya haki. La kwanza: italeta pesa? Jibu la kweli ni kwamba podikasti nyingi za uraibu hazileti chochote, na atakayekuahidi mamilioni anauza mafunzo. Faida yake iko kwingine: mtoto anajifunza kuuliza swali na kungoja jibu, kuandika Kiswahili kinachosemeka, na kuhariri sauti, kazi ambayo vituo vya redio huitafuta. La pili: na masomo? Hapo panga naye. Kipindi kimoja kila wiki mbili, cha dakika 10, chatosha. Ukikaribia mtihani wa KCSE, watangazie wasikilizaji kwamba unapumzika hadi Desemba. Watangazaji wakubwa pia hufunga msimu, sembuse wewe. La tatu: usalama. Asiende nyikani peke yake. Ndovu hajui kwamba unarekodi.

Kama huna ruhusa ya kutoka mjini, hujapoteza kitu. Kandokando ya mto Isiolo na katika migunga ya nyuma ya nyumba kuna kazi ya mwaka mzima. Na kama ndege hawakuvutii, uko uraibu mwingine wenye sauti: bao na kete zake, ufumaji wa mikeka, maziwa ya ngamia yanayomiminwa katika mitungi alfajiri kabla ya kupakiwa kwenye mabasi ya Eastleigh, au historia ya majina ya mitaa. Wangapi wanaopita Wabera kila siku wanajua kwamba ni jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hiyo, aliyeuawa mwaka 1963?

Kipindi kikishatoka, usikimbilie kuhesabu waliokisikiliza. Watakuwa kumi na mmoja, wanne wao ni jamaa zako. Jambo la kwanza ni kumrudia yule mzee. Huenda hana simu ya kisasa, lakini madukani mjini huuzwa redio ndogo zenye tundu la kadi. Mtilie kipindi humo, umwonyeshe kitufe cha kuwasha, ukae naye asikilize mluzi wake mwenyewe hadi mwisho. Akisema hapo pamekosewa, chukua kalamu uandike.